Nilimuuliza Shangazi, Sikumuuliza Mwenye Kidonda

Kosa ni langu. Nalitanguliza hilo kwa sababu huko mbele mtataka kunionea huruma, na sitaki muanze mapema. Niliandika "kidonda kikavu" juu ya kidonda ambacho sikukiona wala sikumsikia mwenyewe akikielezea. Na sikuandika mara moja. Niliandika mara tatu!

Mimi ni msichana wa Lamu. Shule niliishia kidato cha nne, tena na alama za kuombewa dua. Lakini ndoto zangu, wallahi, hazikujua habari za alama! Nilitaka kuwa nesi. Viatu vyeupe nilishavinunua, nikawa navivaa chumbani mbele ya kioo: "Mama, leo tumeamkaje?" Mdogo wangu hunijibu kutoka ukumbini, "Tumeamka na mwendawazimu ndani ya nyumba."

Basi hospitali moja ya huku kwetu ikanipa kibarua. Kila mwanamke aliyezaa kwa kupasuliwa, akisharudi kwao, nimpigie simu siku ya saba, ya kumi na nne na ya thelathini. Nimuulize: kidonda kinauma zaidi? Kimevimba? Kinatoa maji au usaha? Una homa? Majibu niyajaze kwenye fomu.

Sista msimamizi aliniambia, "Kidonda hakiharibiki hapa mbele yetu, kinaharibikia nyumbani. Wewe ndiwe jicho letu huko." Akaniwekea sharti moja tu: "Usiandike mpaka usikie sauti ya mwenye kidonda. Si mume, si mamamkwe, si jirani." Akaniahidi kwamba nikimaliza mwaka vizuri, ataniandikia barua ya kuombea chuo cha uuguzi.

Jicho la hospitali, mimi! Wiki nzima nilitembea kama niliyevishwa taji.

Tabu yenyewe ni hii. Kwetu, mzazi akiwa kwenye arubaini, simu hana. Yuko ndani, anakandwa kwa maji moto, anafukizwa udi, na simu inashikwa na bibi anayemwangalia. Ukiuliza "Hajambo?" utajibiwa "Alhamdulillahi." Hata roho ikiwa kooni, alhamdulillahi! Mimi mtoto wa hapa, nalijua hilo. Ile ni shukrani kwa Mungu, si habari ya kidonda. Kwa hiyo kwa watu wengine nilikuwa nang'ang'ana, "Bibi, nipe mwenyewe nimsikie." Wananitukana kidogo, kisha wananipa.

Halafu likaja jina la rafiki yangu. Nitamwita Mwanaisha, si jina lake. Tumekua pamoja kijijini Kipungani, tumesuka ukili wa mikeka kwenye mlango mmoja. Alizaa mtoto wa kiume kwa kupasuliwa. Na aliyekwenda kumkanda ni shangazi yangu mwenyewe, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kipungani nzima inaijua mikono ya shangazi. Mzazi asiyekandwa na yeye husema hajakandwa.

Siku ya saba nikapiga. Akapokea shangazi.

"Ee! Daktari wangu huyo!"

Nikacheka. Nani hapendi kuitwa daktari? "Shangazi, nipe Mwanaisha nimuulize maswali yangu."

"Amelala. Wataka kuamsha mzazi kwa sababu ya karatasi?"

"Na kidonda je?"

"Kikavu kama ukili wa juzi! Mie nakanda wazazi tangu babako hajaota ndevu, yeo waniuliza mie kidonda?"

Nikaandika: kikavu.

Siku ya kumi na nne nikajikaza. "Shangazi, leo nipe mwenyewe. Nitagombezwa."

"Yuko msalani. Na wewe, kwani imekuwaje? Huniamini mie niliyekulea?"

Wenzangu! Mtu aliyenitafunia chakula nikiwa mdogo, nitamwambiaje simwamini?

"Andika na ile ya mwezi kabisa," akasema, "usiye ukanisumbua tena."

Nikaandika zote mbili! Siku ya thelathini haijafika, mimi nimeshaijaza na sahihi nimetia.

Siku ya kumi na tisa Mwanaisha aliletwa hospitali kwa boti. Mumewe alimkuta hamtambui mtoto, akambeba bila kumuuliza mtu. Nilikuwa pale mlangoni. Harufu ya udi ndiyo iliyotangulia, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Ya Rabbi! Hapo ndipo nilipoelewa udi ule ulikuwa unafukizwa kuficha nini.

Alipasuliwa mara ya pili. Nilikaa nje nikivitazama viatu vyangu vyeupe. Mwanaisha alipona, lakini kizazi kilitolewa. Mtoto wake wa kwanza ndiye wa mwisho.

Kesho yake sista akatuita, mimi na shangazi. Nilijua shangazi atasema kweli. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu! Akajitanda buibui lake vizuri, akasema:

"Mie nalimwambia mwana huyu kwa mdomo wangu, kidonda kinatoa mai. Akanambia, ah shangazi, hiyo ni kawaida. Vijana wa yeo wataka sifa, kazi hawaitaki."

Hata hakupepesa macho!

Nimkane shangazi yangu mbele za watu? Na mwandiko kwenye fomu ni wa nani?

Sista aliniuliza swali moja tu. "Ulisikia sauti ya Mwanaisha?"

"La."

"Basi." Kibarua kikaishia hapo, na barua ya chuo pia.

Nje nikamshika shangazi mkono. "Kwa nini?"

"Wangesema mikono yangu ndiyo iliyomtia ubovu," akasema taratibu. "Wewe kijana, utapata kazi nyengine. Mie mikono mingine nitaipata wapi?"

Nililia, nikijua hata nikilia vipi hatageuka. Hakugeuka.

Sasa sikieni linaloniua. Siku chache baadaye wazazi wengine wawili walirudi na usaha, wote wamepasuliwa baada ya ile siku ya saba ya Mwanaisha. Wakakagua, wakakuta mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji haifikishi moto wa kuua vijidudu. Mikono ya shangazi haikuwa na kosa! Na lau fomu yangu ya siku ya saba ingesema kweli, mashine ingekaguliwa mapema, na wale wawili wasingeguswa na vyombo vile.

Miezi minne Mwanaisha hakupokea simu yangu. Juzi akapokea.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Maswali yako. Mie sikuulizwa hata siku moja."

Nikamuuliza, sina fomu wala kalamu. Kinauma? Hakiumi. Kimevimba? La. Kinatoa maji? La. Homa? Sina. Fomu yetu ilikuwa inamalizia kwa kuuliza, una jambo lolote la kusema? Nikauliza.



"Siku ile ya saba sikuwa nimelala," akasema. "Nalikuwa naisikia sauti yako kwenye simu. Nilingoja useme tena, nipe mwenyewe. Hukusema."

Nyinyi mlioachiwa simu ya mzazi, msimfichie kidonda kwa kuogopa maneno ya watu. Na wewe unayeuliza, akiwa amelala, ngoja aamke. Akiwa msalani, ngoja atoke. Na akikuambia mtu unayempenda, "Kwani huniamini?", mjibu kwa adabu zote: nakuamini, shangazi, lakini nipe mwenyewe.