Komeo la Ngozi Mbichi

Meza yangu ya kupigia pasi niliipata bure, hotelini ninakofanya kazi ya mapokezi. Siku moja walisafisha stoo, wakatoa mapazia yaliyopauka, birika za umeme zilizokufa na meza hiyo moja, wakatuambia kila mfanyakazi achukue kinachomfaa. Wenzangu walikimbilia mapazia. Mimi nikaikamata meza, nikaikunja, nikapanda nayo bodaboda hadi mtaani kwetu Sombetini nikiwa nimeikumbatia mbele ya watu wote. Dereva aliniuliza kama nahama au nafukuzwa.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa kwa nini waliitupa. Meza za namna hii zina miguu miwili inayopishana kama mkasi. Mguu mmoja haubanduki, wa pili unateleza kwenye reli yenye meno chini ya ubao, na kuna komeo dogo la plastiki linaloingia kwenye jino ili mguu usiendelee kuteleza. Komeo langu lilikuwa limekatika. Ukiisimamisha meza inasimama vizuri tu, inakutazama, halafu ukishatandika shati jeupe na kuweka pasi ya moto juu yake, inalala chini taratibu na kila kitu chako.

Mume wangu ni dereva wa watalii, nyumbani huja kama mgeni. Katika siku zake mbili za mapumziko aliifunga ile miguu kwa mpira wa tyubu, akajisifu sana, akarudi porini. Mpira ulidumu wiki mbili. Baada ya hapo nilipiga pasi huku nimebana mguu wa meza kwa goti, kila asubuhi, na sare ya mapokezi ni shati jeupe, halikubali hata mkunjo mmoja.

Hali ilikuwa hivyo baba alipokuja.

Baba yangu anaishi Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima ulio juu ya mji wetu, na mbuzi wake na shamba lake la mahindi. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe kabisa. La kushoto liliona kivuli cha mtu lakini si sura yake. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa upasuaji mdogo, mtu analala siku moja na kurudi nyumbani. Mara mbili tulikuwa tumepangiwa tarehe na mara mbili baba hakutokea. Mara ya kwanza mbuzi alikuwa anakaribia kuzaa. Mara ya pili mbuzi mwingine alikuwa anakaribia kuzaa. Mbuzi wa baba yangu wana tabia ya kuzaa siku za kliniki.

Safari hii nilimfuata mwenyewe. Tulifika kliniki Jumatatu, wakampima, wakatupa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

“Basi nirudi nyumbani, nije siku hiyo,” baba akasema tukiwa bado kwenye benchi.

“Hapana, baba. Utakaa kwangu.”

“Siku kumi nakaa nikifanya nini?”

Nikabeba mfuko wake, tukaondoka. Nilikuwa na hofu nyingi. Muuguzi alikuwa ameniambia pembeni kwamba la kushoto nalo linaelekea lilikokwenda la kulia. Nilijua akipanda gari ya kurudi Oldonyo Sambu, hiyo Alhamisi kuna mbuzi atazaa.

Jumanne asubuhi nilikuwa napiga pasi, goti likateleza. Meza ililala, pasi ikaanguka, nikaruka nikapiga kelele. Baba alikuwa ameketi mlangoni anaota jua. Aliingia akipapasa ukuta.

“Umeungua?”

“Sijaungua, baba. Ni hii takataka ya meza.”

Akachuchumaa. Akaipitisha mikono juu yake yote, miguu, reli, meno, mpaka kidole gumba kikafika pale palipokatika. Akabaki amekishikilia hapo muda mrefu, mimi huku nachelewa kazini.

“Hiki kitu ni lango,” akasema. “Lango halina kishikio. Mlinunua hivi?”

“Nilipewa.”

“Ndiyo maana.”

Jioni niliporudi nilikuta amekwisha kata kipande cha vidole vinne kwenye ncha ya fimbo yake mwenyewe. Fimbo hiyo ni ya oloirien, ule mzeituni wa porini, mti mgumu wa kuvunja visu, na ameishika tangu nikiwa mdogo. Nilitaka kulia. Yeye wala hakujali. Alikuwa anachonga kwa kisu ambacho hakioni, kwenye mti ambao hauoni, akipima kila mara kwa kukitia kile kipande kwenye jino la reli. Nilimwomba aache asijikate. Akaniambia niende nikapike.

Jumatano aliniagiza ngozi. Alitaka ukanda wa ngozi mbichi, upana wa kidole, haijaanikwa, haijatiwa chumvi. Hapo nikajua anachokifanya, kwa sababu lango la zizi letu limefungwa hivyo tangu sijaanza shule. Unazungusha ngozi ikiwa imelowa, unaivuta kwa meno, unaiacha kivulini. Ikikauka inajikaza yenyewe, na siku ukitaka kuifungua huifungui, unaikata. Wakati wa mvua inapakwa mafuta ya kondoo ili isinywe maji.

Muuza nyama choma wa mtaani kwetu huchinja mbuzi kila siku. Nilipomwambia nataka ukanda wa ngozi wa kutengenezea meza ya kupigia pasi, alinitazama kutoka juu hadi chini, akakata, akanipa, na tangu siku ile ananisalimia kwa upole kama mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Baba alifunga komeo jioni ile ile. Aliulizia mafuta ya kondoo, nikakataa katakata. Juu ya ile meza hupita mashati meupe.

“Haya,” akasema. “Meza ni yako.”

Ijumaa ngozi ilikuwa imekauka. Nikaisimamisha meza, nikaiegemea, nikaikalia kabisa. Haikutikisika. Kile kijiti cha oloirien kiliingia kwenye jino kwa sauti ndogo kavu, na ukikivuta kwa kidole kinatoka, meza inakunjika. Nilifurahi mno. Nilipiga pasi mashati matatu mfululizo, nikachota maji bakulini kwa vidole na kunyunyizia kama nilivyofundishwa na mama, na nikiwa nanyunyizia nikaona matone yanapita kwenye wavu wa chuma wa ubao na kuangukia ngozi. Nikaigusa. Pale palipodondokewa palikuwa pamelainika kidogo. Nikaendelea kupiga pasi.

Baada ya kula, baba akakunja shuka lake na kulitia kwenye mfuko.

“Meza imepona,” akasema. “Kesho naenda kuona mbuzi. Hiyo Alhamisi nitakuja.”

Nikabembeleza. Nikampigia simu mdogo wangu anayebaki na mifugo, akamwambia baba kwamba mbuzi wote wazima na hakuna mwenye mimba. Baba akasema mdogo wangu hajui kuangalia mimba. Nikasema nitamchinjia kuku. Akasema hata kwake kuna kuku. Mwisho nikanyamaza, na anayenijua mimi anajua nikinyamaza kuna jambo.

Alfajiri baba alitoka kunawa uani. Mimi nikachukua lile bakuli la maji, nikaingia chini ya meza, nikaimwagia ngozi yote. Bakuli zima. Nilikuwa natetemeka, mama mtu mzima, mwenye kadi ya kazi shingoni, nimelala chali sakafuni naharibu kazi ya baba yangu. Nilijichukia, lakini sikuacha.

Aliporudi nilikuwa naanza kupiga pasi. Meza ikalala.

“Baba,” nikaita, “imelegea tena.”

Akaja, akachuchumaa, akashika. Akanusa vidole vyake.

“Imelowa.”

“Itakuwa ni maji ya kunyunyizia nguo.”

“Itakuwa,” akasema. Akawaza. Kisha akautoa mfuko wake pale mlangoni alipokuwa ameuweka, akaurudisha chumbani. “Kaniletee ngozi nyingine. Hii ilikuwa nyembamba.”

Jumamosi akafunga upya, mizunguko mingi zaidi. Jumapili tulikwenda kanisani, nikiwa nimevaa gauni lenye mikunjo kwa sababu meza ilikuwa inakauka, na nikaomba msamaha kwa Mungu bila kutaja ni wa nini. Siku hizo baba alichangamka. Alikaa chini ya dirisha karibu na meza, akiigusa ngozi kila baada ya muda, akinipa taarifa. Imeshika nje, ndani bado. Sasa inavuta. Usiiguse.

Jumatatu jioni ilikuwa ngumu kama mfupa. Baba akakunja shuka.

Jumanne alfajiri nikaingia tena chini ya meza na bakuli langu. Safari hii mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Nilipomwita alikuja pekupeku. Akasimama karibu na meza. Hakuchuchumaa wala hakunusa. Nilisubiri aniulize, na nilikuwa nimeshapanga la kujibu.

“Kalete ngozi,” akasema. “Nikifunga leo, itakauka Alhamisi.”

Akakaa akafunga bila haraka.

Alhamisi tulikwenda kliniki. Walipomwita jina alinipa ile fimbo yake fupi, akaingia ameshikwa mkono na muuguzi, hakugeuka. Mimi nilikaa kwenye benchi nimeikumbatia fimbo. Nilikuwa naogopa kuliko siku niliyojifungua. Baada ya muda muuguzi akatoka akaniambia kila kitu kimekwenda sawa, nikamshukuru mara nyingi mpaka akacheka.

Ijumaa walimfungua bandeji. Aliniangalia.

“Umenenepa,” akasema, kwa furaha kabisa.

Njia nzima alisoma vibao vya maduka kwa sauti. Tulipofika Sombetini akasimama uani, akautazama mlima, akauona uko upande usio wake, akalalamika kwamba sisi wa mjini tunauangalia mgongoni. Kisha akaingia ndani, moja kwa moja hadi kwenye meza. Akaipindua. Akaliangalia komeo lake kwa jicho lake jipya, akaguna.

“Nani amefunga kitu kibaya namna hii?”

“Ni wewe, baba.”

“Mbona hukuniambia ni kibaya?”

“Kwa sababu kinashika.”

Alikivuta kile kijiti, akakirudisha. Akakivuta tena. Nilidhani anakagua kazi yake.

“Mama,” akaniambia, “nguo hunyunyiziwa kwa vidole. Ile Jumanne nilikanyaga dimbwi. Ni shati gani linanyunyiziwa bakuli zima?”

Nilihisi uso unawaka. Nilipiga magoti pale pale.

“Nisamehe, baba.”

“Inuka, utachafua sketi, na meza yako hujui itadumu mpaka lini.”

“Kama ulijua, mbona hukusema?”

Akaiweka meza sawa, akaikunja, akaisimamisha tena, kama mtu ambaye hajasikia swali. Akajibu akiwa ameinama, anaongea na komeo.

“Nilikiogopa kile kisu cha daktari. Tangu mwanzo nilikiogopa, si mbuzi. Ungenibembeleza mwaka mzima ningeondoka tu. Lakini nyumbani kwa mwanangu kuna kitu nimekifunga kwa mkono wangu kimelegea, ningeondokaje?”

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na yeye akaniambia niende nikapike.

Jumamosi nilimsindikiza stendi. Aliniachia maelezo marefu kuhusu ngozi, ambayo kwa kifupi yalisema nisiiguse. Tangu hapo nimejifunza kupiga pasi kwa taulo lililokunjwa upande ule wa komeo, na meza haijalala hata mara moja. Mume wangu aliporudi alilitazama lile fundo la ngozi yenye manyoya machache yaliyobaki, akauliza tyubu lake liko wapi. Nikamwambia limestaafu.

Limebaki jicho la kushoto. Wiki iliyopita kliniki walinipigia wakanipa tarehe, nami nikampigia baba nikiwa nimejiandaa kusikia habari za mbuzi. Tukasalimiana. Nikamweleza siku yenyewe. Nikasikia kengele za mifugo nyuma yake na upepo wa kwetu.

“Ile meza inaendeleaje?” akauliza.

“Imeshika vizuri, baba. Haitikisiki.”

Nikamsikia akimpigia mbuzi mluzi.

“Basi imwagie maji,” akasema. “Jumatatu nakuja.”