Nafasi Katikati ya Wimbo

Mke wangu alifariki muhula wa kwanza. Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu nikarudi darasani. Watu walinisifu kwa ushupavu. Ushupavu gani? Sikuwa nikihisi kitu. Chai haikuwa na ladha, na hata watundu hawakunikasirisha tena, nami nilijulikana kwa hasira.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, katika shule ya msingi karibu na Rodi Kopany. Kabla ya ualimu nilipiga tarumbeta katika bendi ya dansi Kisumu, basi darasa la sita nikalifundisha kutunga jazi. Mwalimu mkuu aliona ni upuuzi. Alisema mkaguzi wa shule asiporidhika, kipindi kile kitakuwa cha kilimo. Watoto waliogopa jembe kuliko kiboko, wakajibidiisha.

Swingi yenyewe, ule mdundo wa jazi unaobembea, haikuwasumbua. "Ya kwanza ikae, ya pili ikimbie," niliwaambia, wakaipiga kwa chupa, madebe na njuga za miguuni. Wimbo waliutunga wenyewe, kila kikundi mstari wake. Nikawaeleza kwamba katikati bendi humwachia mtu mmoja nafasi, aseme yake. Wakaitikia haraka mno. Zamani ningeshuku.

Mkaguzi alipokuja walianza vizuri, hadi mguu wake ukawa unatikisika. Ilipofika nafasi ile, msichana mwenye filimbi akainua mkono, na wote wakanyamaza. Ndipo nilipoelewa. Kwao nafasi ilikuwa ya pakruok, kama katika ngoma zetu: mtu huusimamisha muziki ajisifu, au amsifu ampendaye, kisha kiongozi wa wapigaji huuanzisha upya.

"Ngojeni!" akasema. "Mimi mjukuu ya mfinyanzi, nasifu bibi ya mwalimu. Alikuwa anatupatia uji hata tukichelewa." Akalitaja jina la mke wangu, na la baba yake kule Asumbi. "Haya, Mwalimu, anzisha!"

Tangu mazishi hakuna aliyelitaja jina lile mbele yangu. Nilifungua kinywa nihesabu moja, mbili. Sauti haikutoka. Watoto walizishikilia chupa juu, wakinitazama. Mwalimu mkuu akakohoa. Mwishowe mkaguzi akafunga daftari lake.

Aliandika kwamba wimbo unakatika katikati. Kipindi kikawa cha kilimo. Yule msichana na wenzake wawili walinifuata ofisini kuniuliza walikosea wapi, ili wakati mwingine warekebishe. Nikawaambia warudi darasani.