Santuri ya Kukamulia

Kama kuna mtu mwingine hapa kwetu anayeikumbuka santuri ile, ningependa kumjua. Na ninaogopa kumjua.

Ilikuwa ya muziki wa rock, ya kundi la Wazungu ambalo sikuwahi kulisikia redioni kwetu Masisi. Bwana mifugo mmoja Mzungu alipohama alimwachia baba, pamoja na mashine ya betri ya kuipigia, kwa sababu ilikuwa na mkwaruzo. Baba hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kuhusu rock alijifanya profesa.

"Hii iko ya mwanzo-mwanzo," alikuwa akituambia. "Wakati walikuwa wangali wanaimba. Kisha wakaanza kupiga makelele tu."

Hakukosea. Magitaa mawili yalikwenda pamoja bila haraka, moja likipanda na jingine likishuka, na mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba isiyojisukuma. Nimesikia rock nyingi tangu hapo, na bado naona watu wamepitwa na kitu. Wimbo wa pili ndio uliokuwa mtamu kupita zote. Katikati yake ndipo palipokuwa na mkwaruzo: sindano ilirudi nyuma, ikarudia kipande kilekile mara tatu, kisha ikaachia na kuendelea. Mimi nilidhani ndivyo ulivyotungwa.

Wafugaji wa kwetu huwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua. Baba, kwa uvivu wake, aliiachia santuri kazi hiyo, kila alasiri, zizini kwetu Nyamitaba. Mama alisema ipo siku ng'ombe watadai pasipoti. Majirani wenye mashamba ya maharage walikuja na vibidoni vyao kuchukua maziwa, wakasimama kusikiliza hadi mwisho. Wimbo ule, pamoja na mkwaruzo wake, waliujua wao na sisi tu.

Siku watu wenye bunduki walipopanda kijijini, tulikuwa tumebaki na ng'ombe mmoja, mweusi. Wengine walikuwa wameshachukuliwa. Baba alikataa kumwacha, kwa hiyo tulijificha naye kwenye matete juu ya njia: baba, mama na mimi. Adhuhuri ilipita salama. Kisha saa ya kukamua ikafika, na saa hiyo ng'ombe haambiwi asubiri. Kiwele kilikuwa kimejaa. Akaanza kunguruma kooni, kama alivyofanya kila mara kabla ya kulia kwa nguvu. Wakati uleule tukasikia buti njiani, chini yetu.

"Papa, huyu ngombe atatumaliza," mama alimnong'oneza baba.

Baba alimshika pembe, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akaanza kuuimba ule wimbo wa pili bila maneno, kwa chini sana, puani. Ng'ombe akatulia. Mimi nilijikojolea, na nilikuwa msichana mkubwa. Baba alikuwa anakaribia penye mkwaruzo buti ziliposimama. Akakata wimbo hapohapo.

Chini njiani mtu akapiga mluzi.

Aliuchukua wimbo pale baba alipouachia. Akakirudia kile kipande mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaendelea.

"Unaitika nani?" sauti nyingine ikamuuliza. "Kule juu kuko nini?"

"Hakuna kitu. Iko wimbo tu, inaniingia mu kichwa. Twende."

Wakaenda. Ningepaswa kushukuru, lakini hofu ndiyo kwanza ilianza. Yule mtu alikuwa amewahi kusimama zizini kwetu na kibidoni mkononi. Alikuwa amekunywa maziwa yetu. Jioni nilimuuliza baba ni nani katika majirani.

"Usitafute kujua," alisema. "Wenzake wakijua alituficha, watamuua. Na yeye akijua tunamujua, ataanza kutuogopa. Muntu mwenye kuogopa iko mubaya."

Baba alikufa kwa ugonjwa bila kumtafuta. Zizi liliungua na santuri ndani yake. Sasa ninaishi Bweremana, kando ya ziwa, na juzijuzi binti yangu aliupata wimbo ule kwenye simu, kwa maneno machache niliyoyakumbuka. Ulikuwa safi, bila mkwaruzo. Pale pa kurudia ulipita tu, nami nikashika meza kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Binti yangu aliupenda. Akaukariri wote.

Wiki iliyopita tulikuwa sokoni, nimeinama kwenye beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, niliposikia mluzi nyuma yangu. Wimbo wa pili. Nilimwomba Mungu upite safi, kama wa kwenye simu. Ukafika katikati, ukarudia. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Binti yangu akacheka kwa sauti.

"Mama, huyu papa anaharibu wimbo yetu! Anarudilia fasi moja tu!"

Mluzi ukakatika. Mwanamume huyo alikuwa karibu sana, nilimsikia akipumua. Ningegeuza shingo kidogo tu, ningemjua.

Siku ile yeye hakupanda kutazama kwenye matete. Nilimshika binti yangu mkono, nikaendelea kuchagua sambaza, na sikugeuka.