Barua Niliyoipamba

Enzi zetu, wenzangu mlioletwa London na makoti ya kuazima, kila mtoto alikuwa karani wa nyumbani kwao. Mnakumbuka? Sisi tulijazana familia tatu nyumba moja Hounslow, jiko la mafuta ya taa likitutoa machozi, tukicheza rede ukumbini kwa mpira wa soksi mpaka jirani agonge ukuta. Asubuhi tulikwenda shule tukinuka bizari ya jana. Na barua ikija, ya shule au ya serikali, wa kuisoma ni sisi, na wa kuijibu ni sisi.

Mimi nilijiona bingwa. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kizungu mwenye soksi nzito, alitufundisha Kiingereza cha kale, maneno ya kuunga na kutenga. Sunder, kutenganisha vilivyokuwa pamoja. Yoke, kufunga wawili nira moja. Wed, ambalo kabla ya kuwa ndoa lilikuwa ahadi tu. Niliyatafuna kama njugu.

Wakati huo Bibi, mamake baba, alikuwa amebaki Mombasa peke yake, macho yameingia ukungu. Mama akanikalisha mezani niwaandikie watu wa uhamiaji. "Waambie ni mzee, haoni, hana mtu. Tunamtaka kwetu. Basi."

Mistari mitatu ingetosha. Lakini nilikuwa mtoto wa kujiona, jamani, nikaona mistari mitatu itanishusha hadhi. Barua nikaipeleka shule nimwonyeshe mwalimu. Nikatia sunder hapa, yoke pale, nikafuta, nikanakili upya. Wiki zikapita. Mama alipouliza kama nimeshaitia posta, nilimtazama usoni nikasema ndiyo.

Nilipoitia kweli, kibali kilikuja upesi ajabu. Kilikuta Bibi ana siku tisa kaburini. Alianguka ngazini, hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Mama aliigeuzageuza ile karatasi, akauliza, "Hawa makarani hawana mama?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kiingereza ninacho, Kiswahili ninacho, na ulimi ninao. Nikanyamaza. Naona haya kuliandika hili hata leo, uzee huu.

Siku hizi wajukuu zangu hutumiana vijineno vilivyokatwa mikia, wakati mwingine kikatuni tu kinacholia. Huwacheka, wakanijibu kwa Kiingereza kwamba nimepitwa na wakati. Kweli hawajui kuandika barua, hata salamu ya mwanzo hawaijui. Lakini kijineno chao hufika kabla chai haijapoa, na mama zao wakiwauliza kama wametuma, wametuma. Sisi tulikuwa na adabu, tulikuwa na hati nzuri, na mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima.

Mama aliishi miaka mingi. Kila khitma ya Bibi aliwaapiza wale makarani, nasi tumeinua mikono, na mimi nikiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.