Sahani Zilizokataa Kuvunjika

Jumamosi iliyopita kitinda mimba wetu aliniomba nimsindikize Kitale akachague bunduki. Usishtuke, rafiki yangu. Huyu dada yangu ni afisa wa kilimo, hana ugomvi na mtu. Siku hizi amependa mchezo wa kulenga sahani za udongo: mtambo wa springi unarusha kisahani hewani, nawe una muda wa kupepesa jicho tu kukivunja kwa bunduki ya marisawa, yale madonge madogo ya risasi yanayotawanyika kama wimbi uliomwagika. Leseni yake alikuwa ameshaipata. Kilichobaki ni kuchagua bunduki ambayo mshahara wake ungeweza kuivumilia.

Muuzaji alituwekea tatu juu ya meza. Moja ilikuwa ya mtutu mmoja, nyingine ya mitutu miwili iliyolala sambamba, na ya tatu ya mitutu miwili iliyobebana, mmoja juu ya mwingine. Dada yangu alipoigusa ile ya mtutu mmoja, muuzaji akacheka kwa adabu.

"Hiyo ni ya kufukuza tumbili kwa shamba, madam. Ukienda nayo klabu watakucheka, si nikuambie ukweli?"

Sikucheka. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia nikiwa msichana wa darasa la saba aliyevua sare na kuacha shule, na palepale dukani, katikati ya harufu ya mafuta ya bunduki, nikasikia harufu ya udongo mbichi wa nyanya yangu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Misikhu, mahali barabara inapopanda kuelekea Kitale. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mahindi tuliyopanda siku za matanga hayajatoa mbelewele. Tulibaki wanne, mimi nikiwa mkubwa, na huyu kitinda mimba akiwa bado anabebwa mgongoni. Nyanya alituchukua. Alikuwa mfinyanzi. Asubuhi nilichota udongo mtoni, nikautwanga na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa, kwa maana nyanya alisema chungu kipya hupata nguvu kwa kula mifupa ya chungu cha zamani. Mchana tulikula ugali wa wimbi na kunde zilizopikwa kwa chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe. Hadi leo nikionja ladha ile, mabega yangu hulegea kama ya mtoto aliyefika nyumbani.

Hatukuruhusiwa kugombana karibu na udongo unaokauka. Nyanya aliamini kwamba chungu husikia, na kikisikia matusi, kitapasuka motoni. Basi tukijisikia kupigana, tulikimbia hadi nyuma ya zizi, tukapigana huko haraka haraka, kisha tukarudi tumenyamaza kama watu waliotoka kanisani.

Lakini kulikuwa na jambo lililotukosesha usingizi. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, aliishi mjini Bungoma karibu na reli. Alikuja akakaa na nyanya uani, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha.

"Mama, vyungu haviwezi kulea watoto wanne. Watu siku hizi wananunua sufuria. Wacha nichukue mmoja, shangazi yao wa Ndalu achukue mmoja, na huyu mdogo tumtafutie mtu. Huyu mkubwa abaki akusaidie."

Nyanya hakubisha. Alisema tu, "Ngoja tuvune."

"Sawa. Tukivuna nitakuja kuwachukua."

Tangu siku hiyo niliyatazama mahindi kwa chuki. Kila yalivyozidi kukauka, ndivyo siku ya kutawanyika ilivyokaribia.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume mfupi mwenye mikono mirefu. Rafiki yake mmoja wa Kitale alikuwa amemwonyesha ule mchezo wa sahani katika klabu ya huko, na ukamkaa moyoni. Alikuwa akija uani kwetu kungoja lori la maziwa la kumpeleka Kitale, na hapo ndipo alipofanya shauri lake la bunduki kwa sauti, sisi tukimsikiliza kama mahakama.

Kwetu bunduki haikuwa mchezo. Ilikuwa kitu cha askari na cha wezi wa ng'ombe, na ukiisikia inalia ulilala chini. Majirani walimtania, lakini utani wenyewe ulikuwa na woga ndani yake.

"Ati Mwalimu anataka bunduki! Kiboko kimeshindwa?"

"Hii ni ya sahani, bana."

"Sahani imekukosea nini? Ama mama watoto amekuwekea mboga kidogo?"

Mwalimu alicheka nao, lakini hakuacha. Alitaka ile ya mitutu iliyobebana, kwa kuwa jicho hulenga juu ya mstari mmoja tu. Hakuiweza bei, ilikuwa ya wakulima wakubwa. Wazee wa klabu walimwambia achukue iliyotumika, ya mitutu sambamba, kwa sababu mtu wa heshima hushika ya mitutu miwili hata kama imezeeka. Nyingine, ile inayojipakia yenyewe, waliikunjia uso, wakasema hiyo inafaa majambazi. Mwalimu akaenda kuiona ile ya mitutu sambamba, akaitikisa, ikalia kama debe lenye mahindi mawili. Bawaba yake ilikuwa imelika. Akarudi na ya mtutu mmoja, mpya, isiyo na urembo wowote.

"Afadhali mguu mmoja mzima kuliko miwili yenye donda," alimwambia nyanya.

Nyanya akaipapasa kitako kama anayepima shingo ya chungu. "Ni ndefu kwako, mwanangu. Umeshika mti wa mtu mwingine."

Ilikuwa kweli. Fundi wa viti akakipunguza kitako, na mwisho wake akaugongomelea kipande cha patipati, ile ndara ya mpira, ili kisimchubue bega. Patipati yenyewe ilikuwa ya bluu. Kule klabu kipande kile cha bluu kilimpatia jina, nalo silitaji hapa.

Basi mwaka huo sahani za klabu, zilizotoka mbali, zikawa zinafika zimevunjika nusu. Mwalimu akamwambia mwenyekiti wao, mkulima mmoja mkubwa mwenye kofia pana, kwamba anamjua mfinyanzi. Mwenyekiti akakubali kujaribu, naye Mwalimu akaja mbio kumweleza nyanya.

"Mwalimu, umenitukana," nyanya akasema. "Mimi nifinyange kitu ili kivunjwe?"

"Nyanya, kuvunjika ndiyo kazi yake."

"Huo ni mchezo wa watu walioshiba."

"Ndiyo, nyanya. Wacha walioshiba watulishe."

Nyanya akanitazama, kisha akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwangu. Akaomba udongo.

Nawe fikiria mwenyewe. Mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kwamba chungu kikivunjika mikononi mwa mnunuzi, aibu ni ya mfinyanzi, utamwambiaje atengeneze kitu dhaifu? Mdomo wake ulikubali, mikono yake ikakataa. Alitia vigae vya kutosha. Alizichoma sahani zile kwa samadi kavu, moto mkali, tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Zilipotoka zilikuwa nyekundu, ukizigonga kwa kucha zinalia kama kengele. Alizibariki, akanituma nizipeleke na Mwalimu, maana mimi ndiye niliyejua kuzipanga bila kuzikwaruza.

Kule uwanjani sahani ya kwanza iliruka, Mwalimu akafyatua. Tulisikia mlio mkubwa, kisha mlio mdogo, ting! Sahani ikaendelea na safari yake, ikatua majanini, nzima.

"Mwalimu, hiyo ni bunduki ama ni mwiko?" mtu akauliza.

"Hata mwiko hugeuza ugali," Mwalimu akajibu, lakini jasho lilikuwa limemtoka.

"Si tulikuambia uchukue ya mitutu miwili!"

Mwenyekiti akainua yake, ile ya mitutu iliyobebana, yenye nakshi za ndege ubavuni. Akafyatua. Ting! Akafyatua mtutu wa pili. Ting! Kicheko kikahama upande. Wakajaribu wote, na sahani za nyanya zikawa zinapigwa na kutua majanini kama kuku wanaoshuka darini. Mimi nilikuwa naona fahari na hofu kwa pamoja. Nyanya alikuwa ameshinda bunduki zote za Kitale, na kwa ushindi huo tungekosa soko na kutawanywa.

Mwenyekiti hakukasirika. Alisema tujaribu tena mara moja, na tukishindwa ataagiza Nairobi.

Nyanya alipoambiwa, alicheka hadi akafuta machozi kwa kona ya leso. "Nimezilea vibaya," akasema. "Nimezilea kama vyungu."

Safari hii aliacha vigae, akatia majivu yaliyochekechwa. Akazifanya nyembamba kama ganda la ndizi lililokauka. Akazichoma kwa nyasi tupu, moto wa haraka. Nilimwona akigeuza uso kila alipoinua moja, kama mtu anayemvua mtoto nguo kwenye baridi. Tatizo likawa lori. Tulipozijaribu kwa kuzipandisha na kuzishusha tu, zile za chini zilikuwa unga. Mahindi yalikuwa yameshaanza kuvunwa kwa majirani. Ndipo nikamkumbuka mama, jinsi alivyokuwa akipeleka mayai soko la Bungoma ndani ya makapi ya wimbi. Tukaomba makapi kila nyumba. Watoto wote wanne tulipakia, hata mdogo aliyekuwa akiyatia mdomoni, na kwa kuwa udongo ulikuwa karibu hakuna aliyegombana.

Zikafika nzima.

Mwenyekiti akazishika, akatikisa kichwa. "Mwalimu ndiye apige. Zikivunjika na hiyo fimbo yake, zitavunjika na chochote."

Mtutu wa bunduki ya Mwalimu ulikuwa umebanwa mdomoni, kwa hiyo marisawa yake yalitoka yameshikamana, hayakutawanyika haraka. Ukilenga vizuri unapiga kwa nguvu. Ukikosea kidogo umekosa kabisa. Sahani ya kwanza akakosa. Ya pili akakosa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya lori, na mbele ya macho yangu niliwaona wadogo zangu wakipanda magari matatu tofauti.

Mwenyekiti akamnyooshea bunduki yake yenye nakshi. "Shika hii yangu, ujisaidie. Hakuna aibu."

Mwalimu aliitazama. Najua aliitamani, kwa miezi mingi alikuwa ameiota uani kwetu. Alifuta kiganja kwenye suruali.

"Asante, mzee. Lakini hii yangu naijua inapolala begani."

Akaegemeza ile patipati ya bluu, akavuta pumzi, akasema, "Rusha." Sahani ikapanda. Sikusikia ting. Niliona tu wingu jekundu, kisha vumbi likishuka polepole juu ya majani, na watu wakapiga makofi. Wakachukua zote. Wakaagiza nyingine.

Baba mdogo alikuja baada ya mavuno kama alivyoahidi. Alitukuta uani, sote tukiwa na udongo hadi viwikoni, makapi yamejaa nyweleni, na lori la maziwa limesimama linangoja. Dereva alikuwa anapiga honi, "Mama sahani, tunachelewa bana!" Baba mdogo hakuulizwa kitu. Alisimama kidogo, akavua koti, akalitundika kwenye mti wa kahawa, akakunja mikono ya shati na kuanza kupakia. Jioni alikula ugali nasi. Alipoondoka alimshika nyanya mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake Bungoma peke yake.

Nilimsimulia dada yangu haya yote pale pale dukani, na muuzaji naye akaegemea meza akasikiliza. Dada yangu hakumbuki chochote isipokuwa ladha ya makapi. Nilimwambia afumbe macho, ainue kila bunduki begani, kisha afumbue aone kama jicho limekaa juu ya mtutu bila kulazimishwa. Akazijaribu. Hakuchukua ya mtutu mmoja. Yeye anahitaji risasi ya pili, na mimi simlazimishi aishi maisha ya Mwalimu. Alichukua ya mitutu iliyobebana, iliyotumika, mbao zake zimekwaruzika, haina nakshi hata moja, lakini ukiitikisa imenyamaza. Ile ya kung'aa aliiacha ukutani.

Klabu ile ya zamani haipo. Shamba liligawanywa, na wanaocheza sasa hutumia sahani za kiwandani, nyepesi, zinazolingana zote kama mapacha. Pale mtoni tulipochimba udongo watu wanafyatua matofali. Nyanya naye alitangulia, na sijamwona mtu mwingine akichoma udongo kwa nyasi. Mwalimu alistaafu akarudi kwao, na nasikia hadi mwisho alikosa sahani nyingi kuliko alizovunja. Natamani ningemshukuru nikiwa mtu mzima, kwa maneno kamili, kwa sababu msichana yule wa kando ya lori alijua kulia tu.

Tulipotoka kwa muuzaji tulipitia uwanja ule. Umelimwa mahindi. Mwenye shamba alituonyesha vipande vyekundu ambavyo jembe lake huvitoa kila msimu, akatuambia lazima hapo palikuwa na kijiji cha watu wa kale. Dada yangu alinitazama ili nimsahihishe mwenye shamba. Nikainama, nikaokota kimoja, chembamba, kikavunjika kati ya vidole vyangu bila kelele.

"Ndiyo," nikamwambia yule bwana. "Kuna watu waliishi kwa vipande hivi."