Picha za Kila Ijumaa

Nimevua samaki Mtera, nimepasua kokoto Zuzu, nimelala kwenye mabanda ya ng'ombe. Kinyaa cha kweli nilikuja kukipata ndani ya chumba kisafi chenye kiyoyozi, Miyuji.

Kilikuwa chumba cha seva cha chuo kimoja cha uuguzi. Mimi nilipiga deki. Shule niliacha kidato cha pili, kuuliza sikuacha, na fundi wa kompyuta hakuchoka kunijibu. Alinieleza kwamba boksi moja la chuma lililokuwa humo, ndiyo seva yenyewe, lilibeba ndani yake kompyuta sita za kufikirika: ya ada, ya matokeo, na nyinginezo. Programu iliyozigawa ilikuwa imezeeka, na walioitengeneza walishaacha kuiziba matundu ya usalama.

Kuweka toleo jipya kulitaka kuzima kila kitu siku nzima, na kuzima kulitaka saini ya mkuu wa utawala.

"Si inafanya kazi?" mkuu alimwambia fundi. "Sasa unataka kuizima ili iweje?"

Kupiga picha hakukutaka saini. Picha maana yake ni kuhifadhi kompyuta ilivyo saa hiyo, ili ikiharibika uirudishe. Basi kila Ijumaa fundi na wenzake wakapiga, wakaandika "tahadhari imechukuliwa", wakaenda kunywa chai. Za zamani hazikufutwa, maana kufuta nako kulitaka saini. Zote zilirundikwa kwenye diski ileile.

Jumanne moja diski ikajaa. Kompyuta zote sita zikasimama.

Kwenye benchi alikaa binti aliyehitimu hapo. Alifuata nakala ya matokeo yake. Usaili wa kazi ulikuwa kesho yake asubuhi.

"Mtandao uko chini, dada," karani alimwambia. "Subiri."

Nikiwa na dekio mlangoni, nilimsikia fundi akimsihi mkuu.

"Bosi, niruhusu nifute picha za zamani. Jioni tutakuwa tumewaka."

"Andika dokezo."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Si uko hapa, bosi?"

"Andika. Nitaliona kesho, sasa nina kikao."

Akachukua funguo za gari, akampita yule binti bila hata kumtazama.

Binti akamwambia karani, "Basi niandikieni kwa mkono, mpige muhuri."

"Lazima itoke kwenye mfumo."

Nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia binti mtandao hauna kosa, nikamweleza habari ya picha na saini. Alilitazama dekio langu.

"Kwa hiyo wewe unajua, wao hawajui?"

"Wanajua."

Akafunga bahasha yake ya plastiki. "Wangekuwa hawajui, ningewasamehe."

Alipoondoka nami nikaliegemeza dekio ukutani, nikaondoka, kazini sikurudi tena. Kesho yake usaili ulifanyika bila yeye.

Ijumaa fundi akanipigia simu. Dokezo lilisainiwa, kompyuta zimewaka, toleo ni lilelile. Na mkuu alikuwa ameshauliza kama picha ya wiki hiyo imepigwa.