Nukta Aliendelea Kufanya Kazi Baada ya Kuzikwa

Mhadhiri wetu alinigeuzia skrini ya kompyuta yake, akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Huyu mwenzako tulimzika lini?"

Nikamwambia, mwezi uliopita.

"Sasa mbona juzi kafanya kazi?"

Nikatazama orodha ya kazi zilizohifadhiwa. Kweli bwana. Jina la Nukta lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini, kabla ya msiba na baada ya msiba. Langu halikuwepo hata mahali pamoja.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi siku zile nilikuwa sishtuki. Hata chai nilikuwa nakunywa bila kujua kama ina sukari.

Ngoja nieleze vizuri.

Kozi yetu ya kutengeneza programu ilikuwa na sheria moja: watu wawili, kompyuta moja. Mmoja anaandika, mwingine anamwambia cha kuandika, halafu mnabadilishana. Mimi nilipangwa na Nukta. Jina hilo tulimpa kwa sababu kila mara alisahau nukta mkato mwisho wa mstari, programu nzima inagoma, halafu anailaumu kompyuta.

Kompyuta ilikuwa yake, mimi sikuwa nayo. Kila tulipohifadhi kazi kwenye mfumo wa chuo, kompyuta ilibandika jina la mwenyewe, Nukta, awe ameandika yeye au mimi. Hakuna aliyejali. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kupanga vyumba vya madarasa, tunabishana na kucheka mpaka tunafukuzwa maktaba.

Halafu Nukta akaumwa, akalazwa. Tukadhani ni homa tu.

Haikuwa homa tu.

Baada ya mazishi mama yake akanikabidhi ile kompyuta, akasema nimalizie. Mhadhiri akataka kunipangia mwenzangu mwingine, nikakataa. Nikawa nakaa peke yangu, naweka vidole kwenye kibodi, nasubiri kuambiwa cha kuandika. Nikichoka kusubiri, naandika mwenyewe.

Sikulia. Watu wakasema nina roho ngumu.

Sasa mhadhiri akanieleza, kwa upole ambao si kawaida yake, kwamba alama zinatolewa kwa jina. Kwa jina langu nilikuwa na sifuri, na sifuri maana yake kurudia mwaka. Akanipa mpaka Ijumaa. Kazi yote iliyofanyika baada ya msiba niibadilishe iwe na jina langu, yeye ataipokea.

Kazi ndogo sana. Ila nikaona kitakachotokea: jina la Nukta lingekoma siku aliyolazwa. Kwa sasa lilikuwa bado linakwenda.

Nikaamua bora sifuri.

Nikaenda kumwambia mama yake, nikidhani atafurahi. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha jina la mwanawe likishuka mpaka juzi, nikamwambia sitaligusa.

Akauliza kama hizo za mwisho nilizifanya mimi. Nikasema ndiyo.

"Baba, mwanangu aliteseka sana zile siku za mwisho," akasema. "Alichoka. Na wewe bado unamfanyisha kazi?"

Akanisogezea kompyuta.

"Mwache apumzike. Andika lako."

Nikaandika palepale, nimekaa chini kando ya kiti chake, na yeye akaendelea kukunja nguo. Nilianza na ya juzi nikirudi nyuma; nilipokaribia siku ya mazishi, machozi yakaanza. Hayakukatika. Mama wa watu akanipa shati moja kati ya yale aliyokuwa anakunja, nijifute. Lilikuwa la Nukta.

Nilifaulu, kwa alama za kawaida tu.

Kwa hiyo wewe unayefanya mradi na mwenzako, kabla hujahifadhi kazi kwenye kompyuta yake, weka jina lako. Alama zitakuja, sawa. Lakini pia siku mmoja wenu akiondoka, itaonekana wazi ameishia wapi, na aliyebaki hataweza kujidanganya kwamba mwenzake bado yupo kazini.